Nani Mwenye Huon

Cygnet, Tasmania
9 Julai 2023

Mdogo wangu Jelle,

Natumai mko wazima, wewe na Leanne na Tamsin. Huku baridi imeshika kweli. Asubuhi bomba la bustani linatema barafu kabla ya maji. Mitufaha ya upande wa barabarani nimeshaipogoa, ya upande wa mtoni bado. Mama yupo. Alianguka akitoka bafuni pale kwenye makao ya wazee Kingston. Hakuvunjika, lakini tangu hapo anakula kidogo, na ile supu ya njegere aliyokuwa akiigombania sasa anaiacha ipoe mbele yake. Ukipata nafasi njoo umwone.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu wewe mwenyewe ulituambia kwamba simu yako na kompyuta yako ni mali ya Tidewell, na wanasheria wao wanasoma wapendavyo. Sina haja ya kusomwa na wakili ninapozungumza na ndugu yangu.

Ngaire Pohatu amenipigia kutoka Dunedin. Anasema alikuwa kwenye mkutano Melbourne, akakaa meza moja na kijana wa mauzo wa kampuni yenu. Kijana alikuwa ameshalewa kidogo, akamwambia kwamba kuanzia Oktoba Huon haitakuwa huria tena. Toleo jipya litakuja na leseni yake: kuusoma msimbo, soma, kuutumia kwenye kazi yako, omba ruhusa Tidewell.

Nikukumbushe, maana naona hewa ya Sydney inasahaulisha. Huon tuliiandika mimi na wewe katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Mama, ili watu wanaoandika programu pamoja waone nani kabadili nini na lini, na waweze kurudi nyuma mtu akiharibu. Tuliiweka hadharani siku ya kwanza kabisa. Yeyote angeweza kuichukua, kuibadili, kumpa mwenzake. Ngaire aliichukua hivyo, na wengine wengi ambao hatujawahi kuonana nao.

Miaka miwili iliyopita, ulipoipeleka Tidewell, ulituletea hati tuzitie saini, kila aliyewahi kuchangia akabidhi haki zake kwa kampuni, "kwa ajili ya usafi wa makaratasi." Tukatia saini. Swali langu ni moja. Siku ile ulijua?

Dada yako,
Anneke


Sydney
28 Julai 2023

Dada Anneke,

Salamu kutoka huku kwetu. Leanne amebadilishiwa zamu hospitalini, tunaonana kama majirani. Tamsin amechaguliwa kwenye timu ya kupiga makasia ya shule na mikono yake imechubuka yote. Pole na baridi. Mpe Mama busu langu. Nikimpigia simu anadhani mimi ni Baba, ananiuliza kama nimefunga kuku, na mimi namjibu nimefunga.

Kuhusu maneno ya Ngaire. Kijana wa mauzo hakupaswa kusema, lakini kwa kuwa amesema, sitakuficha. Leseni inabadilika. Sikiliza sababu kabla hujapasua karatasi hii.

Yapo makampuni makubwa, unayajua kwa majina, yanaichukua Huon yetu bure, yanaiweka kwenye seva zao, yanawauzia watu kama huduma. Hayarudishi hata mstari mmoja wa msimbo. Kasoro ikitokea yanatuandikia sisi turekebishe, na kwa lugha ya amri. Nani analipia seva zetu? Tidewell. Nani anawalipa watu wanaoamka kujibu? Tidewell. Wewe, Dada, ulikataa kuongea na wateja. Nakumbuka ulivyosema: "Mimi si muuza duka." Haya, duka limepata muuzaji, na sasa unalalamika kwamba lina mlango.

Hao wadogo hawataguswa. Kutakuwa na ruhusa maalumu kwa vikundi vidogo. Fenwick, mkurugenzi wetu, ameahidi hivyo mbele yangu. Na ameniambia nikuulize kama utakubali kuwa mshauri. Kazi yenyewe si nzito. Ni jina lako tu liwepo na maoni yako mara moja moja. Usikatae kwa hasira. Unahitaji paa jipya, nililiona mwenyewe.

Wako,
Jelle


Cygnet
6 Agosti 2023

Jelle,

Barua yako imefika. Tamsin apakae mafuta ya kondoo viganjani, yanasaidia. Mama sasa anaangaliwa na wauguzi kila saa. Anakuulizia.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta jibu la swali langu. Nimekuta makampuni makubwa, nimekuta seva, nimekuta paa langu. Jibu sijalikuta.

Hayo makampuni makubwa nayachukia kuliko unavyoyachukia wewe. Lakini mwizi akiingia shambani kwa jirani, hatuchukui shamba la jirani ili kumlinda. Na hiyo ruhusa maalumu ya wadogo ni ruhusa ya nani? Ya Fenwick. Leo ana moyo mzuri. Kesho kampuni ikiuzwa atakuwa ufukweni Noosa na moyo wake mzuri, na atakayefuata hajui Geeveston iko wapi.

Nakwambia Geeveston kwa sababu Bev Tatnell amekuja kwangu. Bev ni nahodha wa zimamoto wa kujitolea kule, mama mwenye sauti ya trekta, ulimwona kwenye mazishi ya Baba. Ramani zao za moto wa msituni zinaendeshwa na Huon kwa ndani: kila kikosi kinaandika barabara gani imefungwa, mto gani una maji, na Huon inaunganisha. Amesikia kwamba seva ya bure ya Tidewell inafungwa Oktoba. Aliniuliza, "Anneke, mimi nimwombe nani ruhusa? Yule mkurugenzi anajua kiangazi kinaanza lini?" 

Na Ngaire. Sehemu yote ya Huon inayosoma lugha zisizoandikwa kwa herufi za Kiingereza ni kazi yake, jioni zake, bila malipo. Alisita kutia saini ile hati yako. Mimi ndiye niliyemwambia, "Tia, huyo ni mdogo wangu." Sasa simu yake ikilia natamani nisishike.

Kazi ya mshauri sitaki. Paa langu ni langu.

Ulijua, au hukujua?

Anneke


Sydney
2 Oktoba 2023

Dada Anneke,

Nisamehe kwa kuchelewa. Hapa hakujatulia. Leanne alikuwa na homa, kisha mimi. Mama vipi? Kwenye barua yako umeandika "anakuulizia" halafu ukapita. Anaendeleaje?

Jana leseni mpya imetoka, umeshaona. Nimeona pia kwamba wewe na Ngaire mmechukua nakala ya mwisho ya huria na kuiweka mahali penu, na watu wameanza kuhamia kwa wingi. Hiyo ni haki yenu, leseni ya zamani inawaruhusu, na sitasema lolote. Lakini mmeiita Huon. Anneke, liondoeni hilo jina kabla ya wiki hii kuisha.

Fenwick aliniita ofisini. Alikuwa amefungua ukurasa wenu kwenye skrini ya ukuta mzima.

"Dada yako anaelewa kwamba jina ni letu?" akaniuliza.

"Jina lilikuwepo kabla yenu," nikasema.

"Lilikuwepo, ila lilisajiliwa na nani?" Akatabasamu. Alikuwa anajua jibu, na mimi pia.

Jina nililisajili mimi, Dada. Zamani, ulipokuwa Norway mwaka ule wa kazi. Mtu mmoja Brisbane alikuwa anauza kitu kingine kwa jina la Huon, nikaogopa atatuwahi. Niliweka kwa jina langu kwa kuwa ndiyo ilikuwa njia ya haraka. Tulipokwenda Tidewell, jina likaenda pamoja na mimi. Sikuona haja ya kukueleza; ilikuwa karatasi tu.

Naomba ulichukue hili kama onyo la ndugu na siyo tishio. Wanasheria hawatakuandikia kwa mkono kama mimi.

Jelle


Cygnet
11 Oktoba 2023

Bwana Jelle Hofstra,

Sisi wazima. Mitufaha imechanua. Mama anapewa oksijeni mchana, usiku hapewi.

Kwa hiyo jina pia. Uliuza mti na kivuli chake, halafu ukaniambia ni karatasi tu.

Jumamosi watu walikutana nyumbani kwangu. Ngaire alikuja kwa ndege. Bev alikuja na buti zake zina tope, akakaa kwenye kile kiti cha Baba bila kuulizwa, na nikafurahi kukiona kimekaliwa na mtu wa maana. Wengine walikuwa kwenye skrini, kutoka Suva, kutoka Perth, kutoka kwingineko. Nikawasomea barua ya wanasheria, maana imefika kabla ya yako, kwa barua ya haraka. Nikawaambia jina halina mwenyewe kati yetu, ni lako, umeliuza.

 Kisha Ngaire akasema, "Basi tutafute jingine. Mimi sikuandika kwa ajili ya jina."

"Iiteni hata Viatu," Bev akasema, "mradi ramani yangu ifunguke Januari."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na nikakuchukia kwa kuwa ningependa uwepo. Tumeiita Bracken. Ndilo gugu la kwanza kuota mlimani moto ukishapita. Kila mtu huku analijua na hakuna anayelipenda. Tumeangalia, halijasajiliwa na ndugu wa mtu.

Usiniandikie tena maonyo ya ndugu. Jibu swali au nyamaza.

A. Hofstra


Sydney
20 Novemba 2023

Anneke,

Sijui nianze vipi baada ya "Bwana." Tuko wazima. Oksijeni ya nini? Nimepiga simu makao ya Mama, muuguzi akaniambia habari za mgonjwa anapewa mtu mliyemwandikisha, na aliyeandikishwa ni wewe peke yako. Umeandika oksijeni katikati ya mitufaha na matusi, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Niambie wazi: nije?

Sasa hili jingine, na hili ni zito.

Wateja wakubwa wa Tidewell wameanza kuuliza kuhusu Bracken. Watatu wamesimamisha mikataba yao. Fenwick hatabasamu tena. Wanasheria wanaandaa kesi, na hawaishitaki Bracken, kwa kuwa Bracken si kampuni. Wanakushitaki wewe na Ngaire kwa majina yenu. Watasema kwamba ulikubali kila kitu tangu mwanzo, pamoja na haki ya kampuni kubadili leseni, na kwamba ulipowashawishi wengine wahame ulivunja makubaliano. Watadai kutoka kwenu hasara yote. Nyumba yako iko kwenye hesabu hiyo. Nyumba ya Ngaire pia.

Shahidi wao ni mimi. Wanataka nitie saini maelezo kwamba Pasaka ile ya hati, mezani kwa Mama, nilikueleza habari ya leseni na wewe ukasema sawa.

Usikasirike kabla ya kufikiri. Kuna njia. Fungeni Bracken kwa mwaka mmoja, niachieni niongee nao. Zimamoto nitawatafutia ruhusa mimi mwenyewe, kwa maandishi, mikononi mwa Bev. Kazi yangu, shule ya Tamsin, nyumba yetu, vyote viko kwenye kampuni ile. Wewe una mitufaha na huna mtoto. Si rahisi kwangu kama unavyodhani kule juu kwenye kilima chako.

Jelle


Cygnet
4 Desemba 2023

Jelle,

Tia saini.

Tia, halafu uje usimame mahakamani Hobart uyaseme kwa mdomo, mimi nikiwa nimekaa mbele yako. Bracken haifungwi hata siku moja. Ngaire nimemweleza yote, pamoja na hilo la nyumba yake. Akasema tu, "Basi waichukue, inavuja." Huyo ndiye mtu unayemfanyia hivi.

Na kwa kuwa kumbukumbu yako imehamia kampuni, nikuandikie ilivyokuwa. Mama alikuwa ametengeneza mkate wa zabibu. Wewe ulitoa zile hati kwenye mkoba baada ya chakula. Nikauliza, "Na leseni?"

Ukasema, "Leseni inabaki, Dada. Nani ataigusa leseni?"

Nikasema, "Hapa haijaandikwa kwamba inabaki."

Ukacheka. "Unataka nilete wakili mezani kwa Mama?"

Na Mama akasema, kwa Kiholanzi chake cha kwao, "Msigombane, mwachie mtoto." Mtoto, na ulikuwa na mvi tayari. Nikakuachia.

Maneno ni hayo. Kama unayakumbuka mengine, yatie saini.

Umeuliza kama uje. Nilikwambia Julai uje. Nikakwambia Agosti anakuulizia. Sikujua kama inahitajika niandike kwa herufi kubwa. Ndege zipo kila siku.

Anneke


Sydney
23 Januari 2024

Anneke,

Sina salamu za kuandika. Tulisimama pande mbili za jeneza lile lile na hukunitazama, na mimi sikujaribu. Leanne alisema tulionekana kama watu wa kukodiwa kulibeba.

Nataka kukwambia hasira yangu kwanza, ili isije ikaoza. Tiketi yangu ilikuwa ya tarehe nne Januari. Mama alikufa tarehe pili. Niliichelewesha kwa kuwa ulisema "ndege zipo kila siku," na mtu haandiki hivyo juu ya mama anayekufa. Daktari aliniambia kanisani kwamba ulijua tangu mwisho wa Novemba kuwa hazijabaki siku nyingi. Ulijua ukaniandikia vile. Hilo sitalisahau, na usinitake nilisahau.

Sasa nikwambie yaliyotokea wiki iliyofuata.

Jumatatu nilikwenda kwa wanasheria pamoja na Fenwick. Ghorofa ya juu, bandari yote inaonekana. Maelezo yalikuwa yameshaandikwa, nimebakiziwa pa kusaini.

"Ukurasa mmoja tu, Jelle," Fenwick akasema. "Kisha nenda nyumbani, kapumzike. Tunajua una msiba."

Nikashika kalamu. Sitakudanganya, nilikuwa nimekwenda kutia saini. Nilikuwa na hasira na wewe kiasi kwamba kalamu ilikuwa nyepesi.

Wakili alikuwa mwanamke mwenye adabu. Akasema, "Jambo moja la kukamilisha. Siku hiyo mezani, nani mwingine alikuwepo?"

"Mama yangu," nikasema.

"Anaweza kuitwa kuthibitisha?"

"Tulimzika Alhamisi."

Akasema pole. Alisema vizuri tu, kama inavyotakiwa. Kisha akainama akaandika, na nikauona uso wake ukilegea, mabega yake yakashuka. Na Fenwick akashusha pumzi. Ndipo nikaelewa kwamba Mama alikuwa ndiye tatizo lao, na sasa limeondoka.

Nikaweka kalamu mezani. Fenwick akasema, "Jelle?" Nikamwambia hayo yaliyoandikwa hayakusemwa. Akaniuliza kama nafahamu maana yake kwa nafasi yangu. Nikasema nafahamu. Wakili akafunga faili taratibu, na hakunitazama tena. Kadi yangu ya mlango ilikuwa imeshazimwa nilipofika ofisini Tidewell. Nilimwomba mlinzi anifungulie nichukue koti.

Sikufanya hivyo kwa ajili yako. Usije ukaandika kunishukuru.

Na lile swali lako. Ndiyo, nilijua kwamba wanaweza. Fenwick alinieleza kabla sijaja Pasaka ile. Niliamini hawatafanya, na niliamini kwa kuwa nilitaka ile kazi.

Jelle


Cygnet
25 Februari 2024

Jelle,

Sikukusudia kukushukuru, kwa hiyo tuko sawa.

Kuhusu Mama. Ndiyo, daktari aliniambia, na ndiyo, niliandika vile. Nilikuwa nimeandika barua nyingine kabla ya ile, inayosema njoo leo. Kisha ikafika yako yenye nyumba ya Ngaire ndani yake, nikaichana ile nikaandika uliyoipata. Sina zaidi ya hapo la kusema, na silisemi ili unihurumie.

Wanasheria wameandika. Bila maelezo yako kesi hawaileti. Wamebaki na jina, na Huon yao inaendelea na wateja wao. Ngaire alinitumia picha ya nyumba yake ikivuja, akaandika chini: "Bado ni yangu."

Moto ulikuja wiki mbili zilizopita, kutoka milima ya nyuma ya Geeveston. Umesoma magazetini. Ambayo hayakuandikwa ni haya. Ramani zilifunguka, na Bracken ilibeba kazi ya vikosi vyote. Lakini mchana wa siku ya pili vikosi viwili viliandika kuhusu barabara moja kwa wakati mmoja, kimoja juu ya kilima hakina mtandao, kingine chini. Kimoja kiliandika imefungwa, mti umeanguka. Kingine kilihamisha barabara nzima kwenye ramani kwa kuwa mchoro ulikuwa umekosewa. Zilipounganishwa, mti ulipotea. Barabara ikaonekana wazi. Bev aliingiza gari lake humo na watu wanne.

Walirudi. Ilibidi warudi kinyumenyume moshi ukiwa umewafunika, na Bev ameungua mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Nilipokwenda kumwona alisema, "Programu yako inanipenda lakini hainisikilizi." Nilicheka nikatoka nje nikalia kwenye gari.

Kasoro iko kwenye sehemu ya kuunganisha, pale kitu kinapohamishwa na kubadilishwa kwa wakati mmoja. Sehemu ile uliandika wewe, kabla ya Tidewell. Ngaire ameijaribu, mimi nimeijaribu, na mabwana wawili wa Perth. Tukitengeneza hapa inabomoka pale. Imeandikwa kwa akili ya mtu mmoja, na mtu huyo hakuacha maelezo.

Sikuombi. Nakueleza tu kwamba kasoro imewekwa wazi, pamoja na data ya siku ile, na yeyote duniani anaweza kuisoma na kuleta dawa. Leseni yetu haina kifungu cha kumzuia mtu kwa ajili ya tabia zake. Nimeisoma tena mwanzo mpaka mwisho kuhakikisha.

Anneke


Sydney
19 Machi 2024

Anneke,

Huku salama kiasi. Leanne anachukua zamu za ziada. Tamsin ameacha makasia, anasema ni kwa sababu ya mikono, lakini ni ada. Mimi nafanya kazi za vipande vipande.

Nilituma dawa ya ile kasoro tarehe tatu. Ngaire aliikataa siku hiyo hiyo. Aliandika mbele ya watu wote: "Inatibu mfano uliotolewa, haitibu ugonjwa. Hakuna majaribio. Hakuna maelezo. Soma mwongozo wa wachangiaji." Mwongozo wa wachangiaji niliuandika mimi, enzi zile. Nilikaa nikitazama skrini nikiwa na umri wa miaka hamsini na mbili na masikio yanawaka kama mtoto wa shule.

Kisha nikasoma upya msimbo wangu, na amesema kweli. Nilikosea tangu msingi. Nilidhani kitu kikihama, historia yake inabaki nyuma. Nilipaswa kuibeba pamoja nacho. Nimeibomoa sehemu yote nikaiandika upya, na safari hii nimeeleza kila hatua. Nimetuma jana. Nimeijaribu kwa data ya siku ile ya moto, ya vikosi vyote. Mti unabaki barabarani.

Mwambie Bev pole. 

Jelle


Cygnet
7 Aprili 2024

Jelle,

Mavuno ya tufaha yanaisha, mgongo umekatika. Bev amefunguliwa bandeji, ngozi ni nyekundu lakini vidole vinafanya kazi. Salamu zako nimempa. Amesema kama ni wewe uliyeandika lile bovu basi uje umwoshee gari.

Kazi yako tumeisoma, mimi na Ngaire, mstari kwa mstari, kwa wiki mbili. Tulikuwa tunatafuta kosa, na mimi nilikuwa nalitafuta kuliko yeye. Pale unapotoa tahadhari umekosea tahajia, nimerekebisha. Jana Ngaire ameiingiza. Jina lako limeingia kwenye orodha ya wachangiaji, chini kabisa, baada ya mwanafunzi mmoja wa Suva, kwa sababu orodha inafuata tarehe. Kuhusu kukuweka kati ya watunzaji, wanaoamua nini kiingie, Ngaire ameuliza, nikasema hapana. Usiulize lini.

Makao ya Kingston, ambako bado nalipia chumba cha Mama, wanakitaka mwisho wa mwezi. Nguo nimeshatoa. Limebaki kabati la vyombo, lile Baba alilolitengeneza, na wale vijana wa kuhamisha niliowaita wamelitazama wakasema litabidi likatwe mlangoni. Silikati. Linatoka likiinamishwa, mmoja chini na mmoja juu, wewe unajua linavyoinama, tuliliingiza wote.

Njoo na gari kwa meli, uende moja kwa moja Kingston, Jumamosi ya tarehe ishirini, asubuhi. Ukija, njoo na glavu. Sitapika, na ya Tidewell hatutayaongea. Tukishalitoa tutaona linakwenda kwa nani.

Anneke